Majaji wanataka mwisho wa tamthilia ya mwanafunzi ubadilishwe. Tufanye nini?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mlezi wa kikundi cha maigizo hapa Morogoro. Sisi si wasanii wa kulipwa. Miongoni mwetu wamo walimu, fundi cherehani, muuguzi, na vijana waliomaliza kidato cha nne, na hukutana jioni kufanya mazoezi katika ukumbi tulioazimwa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tuliandaa shindano la kuandika tamthilia kwa wanafunzi wa darasa la sita na la saba pamoja na wa sekondari katika kata zinazotuzunguka. Tangazo letu lilieleza kwamba muswada uwe wa Kiswahili, uchukue muda usiozidi dakika 30 jukwaani, usiwe na wahusika zaidi ya sita, uzingatie maadili, na uwe kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Zawadi tuliyoahidi ni kwamba mchezo utakaoshinda utaigizwa na kikundi chetu mbele ya wazazi na walimu mwezi Septemba.

Tulipokea miswada 27, mingi ikiwa imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari. Mmoja umetugawa. Mtunzi wake ni msichana wa kidato cha pili, na mchezo wake unahusu bibi anayeuza vitumbua karibu na stendi pamoja na mjukuu anayelelewa naye. Bibi amekuwa akiweka akiba ya fedha za sare ya mjukuu, akizifunga kwenye pindo la khanga. Usiku mmoja mjomba anakuja kulia shida, kwamba pikipiki anayoendeshea maisha imeharibika. Bibi anafungua fundo na kumpa fedha zote, huku mjukuu, anayedhaniwa amelala, akiona kila kitu. Onyesho la mwisho ni la alfajiri. Mjukuu anawasha jiko la mkaa, Bibi anakoroga unga, wanazungumzia bei ya mafuta, na hakuna hata mmoja anayegusia yaliyotokea. Bibi anauliza kama mafuta yamepata moto. Mjukuu anajibu, "Bado kidogo, Bibi," na mchezo unaishia hapo.

Jaji wetu mkuu ni mwalimu mstaafu tunayemheshimu sana. Anasema huo si mchezo kamili kwa sababu hauna funzo. Anataka liongezwe onyesho ambamo mtendaji wa kata anamwita mjomba, mjomba anaomba radhi, mjukuu anapata sare, kisha anaigeukia hadhira na kuzungumza kuhusu haki ya mtoto kupata elimu. La sivyo, anataka ushindi apewe mvulana wa kidato cha nne aliyeandika kuhusu dawa za kulevya, ambaye muswada wake umepangika vizuri na unamalizika kwa mawaidha. Mwalimu wa Kiswahili wa msichana naye amekuja kwangu akijitolea kuurekebisha muswada kwa muda wa wiki moja. Juu ya hayo, mama wa msichana amenipigia simu akihofia kwamba majirani watasema ni habari za nyumbani kwake, kwa kuwa ni kweli binti huyo aliwahi kuishi na bibi yake.

Je, tumpe ushindi? Je, tuna ruhusa ya kubadilisha mwisho? Na nimjibu nini mama yake? Msichana mwenyewe hajasema lolote, ila aliniuliza kama ataruhusiwa kuhudhuria mazoezi.

Mlezi wa kikundi, Morogoro

JIBU

Dada yangu Mlezi,

Mpeni ushindi, kwa sababu ninyi wenyewe mliweka masharti na yeye ameyatimiza. Umeniandikia masharti matano, nami nimeyasoma moja moja nikiwa na habari za mchezo huo mkononi: ni wa Kiswahili, wahusika ni watatu, maadili hayakuvunjwa, na hujaonyesha shaka yoyote kuhusu urefu wake wala kwamba kazi ni yake. Sharti la kuwa na mawaidha mwishoni halimo katika tangazo lenu. Kuliongeza sasa, baada ya miswada kupokelewa na kusomwa, ni kuwatendea isivyo haki wanafunzi wote 27, maana wapo ambao wangeandika kwa namna nyingine kama wangelijua. Kama kikundi kinaona funzo la wazi ni jambo la lazima, liandikwe katika tangazo la mwakani, ingawa mimi nitakusihi msiliandike.

Mwalimu wenu mstaafu hasemi neno la ajabu. Amekulia katika utamaduni ambamo hadithi huishia kwa kuambiwa jambo, na amefundisha kwa miaka mingi katika mfumo ambamo mwanafunzi akisoma tamthilia huulizwa dhamira, ujumbe, msimamo na falsafa ya mwandishi, kwa sababu ndivyo mtihani unavyouliza. Vikundi vyetu vingi vya mitaani navyo vimekuwa vikialikwa na mashirika kuigiza kuhusu chanjo, Ukimwi, mimba za utotoni au rushwa, ambapo anayelipa hutaka ujumbe usikike bila kificho. Hiyo ni kazi ya heshima na imewafaa watu wengi. Tatizo ni kwamba watoto wetu wamejifunza kutokana nayo kuwa tamthilia huanza na dhamira, kisha hutafutwa watu wa kuibeba, na ndiyo maana ukisoma miswada ya wanafunzi utakutana mara nyingi na baba mlevi yuleyule, mama mvumilivu yuleyule, na daktari anayeingia mwishoni kutoa hotuba. Msichana huyu alianza na watu. Alimtazama bibi mwenye mapenzi ya aina mbili yanayogombania fedha zilezile, kwa mwanawe na kwa mjukuu wake, wala hakumwonea kwa kumfanya mbaya. Kwa mtunzi wa umri wake hilo ni jambo kubwa, na ninatamani lisipite bila wazee waliomo katika kikundi chenu kuliona.

Isidhaniwe kwamba mwisho usiofunga kila kitu ni udhaifu au jambo geni katika tamthilia ya Kiswahili. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na ambayo bila shaka Mwalimu wenu anaifahamu kuliko mimi, haimaliziki kwa ushindi wala kwa mtu kuomba radhi. Mhusika mkuu yumo mikononi mwa Wajerumani, mapigano yamekwenda vibaya, naye anatakiwa akiri kwamba maji ya dawa, ambayo wapiganaji waliamini yangewakinga na risasi, yalikuwa uongo. Anakataa, akifikiria yale ambayo watoto na wajukuu wataambiwa baadaye. Hadhira hutoka ikibishana kama alifanya sawa, kwa kuwa watu waliangamia wakiyaamini maji hayohayo. Hakuna mtendaji anayeingia kuwaamulia.

Katika onyesho la alfajiri la binti huyu limo jambo ambalo Mwalimu pengine hajaliona kwa kulisoma kwenye karatasi. Mjukuu anajua, Bibi huenda anajua kwamba mjukuu anajua, na bado lazima vitumbua vichomwe kabla abiria wa kwanza hawajafika stendi, kwa sababu bila vitumbua hivyo hakuna sare wala mlo. Tangu mwaka 2016 ada zilipofutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, gharama ya sare na madaftari imebaki mikononi mwa familia, na mtunzi huyu ameionyesha bila kuitaja serikali wala sera yoyote. Ukileta mtendaji wa kata hapo, utakuwa umewaambia watazamaji kwamba tatizo ni mjomba, nao watakwenda nyumbani wameridhika. Yeye hakuandika hivyo, kwani mjomba wake naye ana pikipiki iliyoharibika na familia ya kulisha.

Hata hivyo, haja ya Mwalimu ya kutaka watu waondoke na jambo la kufikiria inaweza kutimizwa pasipo kugusa muswada. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Amandina Lihamba, Penina Muhando Mlama na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, ambako wenyeji walitaja matatizo yao wenyewe, wakayatengenezea maonyesho, kisha wakayajadili hadharani. Njia hiyo ni miongoni mwa zilizojenga sanaa shirikishi tunayoifahamu leo. Fanyeni hivyo. Mchezo ukiisha kama ulivyoandikwa, taa ziwashwe, na Mwalimu wenu mstaafu asimame aongoze mazungumzo na hadhira: je, Bibi alikuwa na njia nyingine, je, mjukuu alipaswa kusema, na je, mjomba anadaiwa nini? Yeye ndiye mtu wa kufaa kwa kazi hiyo kwa sauti yake, heshima yake, na uzoefu wake wa kulifanya darasa lililonyamaza lizungumze. Funzo litatoka midomoni mwa wazazi wenyewe, na ninaamini litakaa kuliko lile ambalo lingetamkwa na mhusika.

Ila usimwambie haya kikaoni. Mzee hapingwi mbele ya vijana waliokuwa wanafunzi wake, hata kama una masharti ya tangazo mkononi. Nenda nyumbani kwake kabla ya kikao, umsalimie, umpe habari kwa utulivu, umsomee lile onyesho la mwisho kwa sauti (wewe ukiwa Bibi na yeye akiwa mjukuu, kama atakubali), kisha ndipo umwombe aongoze mjadala. Ninadhani ukifika pale penye "Bado kidogo, Bibi" utakuwa umepunguza nusu ya maneno uliyopanga kumwambia. Akishikilia msimamo wake, mwambie kwa heshima kwamba kikundi kinafungwa na tangazo lake, na kwamba maoni yake yatawekwa katika kumbukumbu za shindano kwa ajili ya mwakani.

Kuhusu ruhusa ya kubadilisha mwisho, jibu ni hapana, isipokuwa mtunzi mwenyewe akitaka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa, bila kuhitaji kusajiliwa popote, nayo inampa mtunzi haki ya kutajwa jina na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Umri wake hauiondoi haki hiyo. Kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, andikeni karatasi moja fupi ambayo yeye atasaini pamoja na mzazi wake, ikisema kwamba muswada ni mali yake, kwamba kikundi kimeruhusiwa kuuigiza kwa tarehe zilizotajwa, kwamba maneno hayatabadilishwa bila ridhaa yake, na kwamba jina lake litasomwa na kuandikwa kila mchezo unapotangazwa. Vikundi vingi hudhani kuwa mwandishi akishapewa zawadi muswada umekuwa wa kikundi, na mwaka unaofuata mchezo huonekana kwenye tamasha jingine bila jina lake. Lizuieni hilo mapema, na muwafanyie vivyo hivyo washindi wengine wote.

Sasa nimfikie mwalimu wake wa Kiswahili, maana hapa ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi kuliko kwa jaji. Jaji anataka kubadilisha waziwazi, na mnaweza kumjibu. Mwalimu wa Kiswahili atabadilisha kwa upendo, sentensi kwa sentensi, jioni moja baada ya nyingine, na binti hataweza kumkatalia mtu anayemsahihishia madaftari. Mwishoni mtapokea muswada uliosafishwa ambamo Bibi wa stendi anazungumza kama taarifa ya habari. Tofauti ya kusaidia na kuandika kwa niaba huonekana katika kalamu: mwalimu akishika kalamu na kufuta neno, tayari ameanza kuandika, akiuliza swali na kuondoka, amesaidia. Mpe kazi hiyo ya pili na umshukuru kwa dhati, kwa sababu bila yeye huenda binti asingejua kwamba shindano lipo.

Maswali yenyewe yawe ya mchezo huu na si ya tamthilia kwa jumla. Kwa mfano: Bibi anapofungua fundo, je, anahesabu fedha kabla ya kumpa mjomba, au anampa zote bila kuangalia? Je, Bibi anajua kwamba mjukuu yuko macho? Kama anajua, swali lake la mafuta linamaanisha jambo moja. Kama hajui, linamaanisha jingine, na mwigizaji wenu atataka kujua kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi. Mtunzi anaweza kujibu, anaweza kuongeza mstari mmoja, au anaweza kusema kwamba pabaki hivyo. Makosa ya tahajia, alama za uandishi na mpangilio wa maagizo ya jukwaani yanaweza kurekebishwa na mtu mwingine, mradi aonyeshwe kila kilichorekebishwa. Lahaja ya Bibi iachwe. Akiwa amemfanya aseme kama wanawake wa Kiluguru anaowasikia sokoni, hilo ni sikio zuri na si kosa la sarufi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichoanzisha pia mradi wa Tuseme mwaka 1996, Mlama na Lihamba wakiwa miongoni mwa waasisi wake, na msingi wake ulikuwa kwamba wasichana wa sekondari wabaini wenyewe yanayowakwaza shuleni na kuyasema kwa sanaa. Ninautaja kwa sababu mwalimu wa Kiswahili huenda anaukumbuka, na akiukumbuka ataelewa haraka kwa nini unamwomba ashike swali badala ya kalamu.

Mama yake mjibu ana kwa ana, kabla hamjamtangaza mshindi. Hofu yake ni ya haki, kwa kuwa katika mtaa ambao watu wanajuana, mchezo wa kubuni husikilizwa kama umbea ulioandaliwa vizuri. Msomee mchezo wote, kwa kuwa inawezekana amesikia tu kwamba "kuna bibi na mjomba" na amejaza mengine mwenyewe. Muulize ni kitu gani hasa kinachomsumbua. Kikiwa ni kitu kidogo kinachotambulisha mtu, kwa mfano jina la stendi, rangi ya pikipiki au jina la utani la mjomba, binti anaweza kukibadilisha pasipo mchezo kupungukiwa, na ninadhani atakubali kwa moyo mweupe. Kikiwa ni kisa kizima, wape nafasi mama na mtoto wazungumze wenyewe, na mkubali pia kwamba familia inaweza kuamua ushindi upokewe na maonyesho yasifanyike. Na ukisikia katika mazungumzo hayo jambo linaloashiria kwamba mtoto anaumizwa nyumbani, hilo si suala la sanaa tena: lipeleke kwa mwalimu wa malezi au kwa ofisa ustawi wa jamii, au piga simu namba 116 ya kuwasaidia watoto. Kwa uliyoniandikia sijaona dalili hiyo.

Jambo moja zaidi kuhusu siku ya onyesho, na ninakuomba ulitilie mkazo kwa mshereheshaji. Asimwite binti jukwaani na kumuuliza, "Hiki kisa ni chako?" Nimeona watu wazima wenye nia njema wakifanya hivyo mbele ya umati, na mtoto akabaki ama kudanganya ama kuianika familia yake. Aulizwe jinsi alivyoandika, onyesho lipi lilimpa shida, na kwa nini alichagua vitumbua. Mgeni rasmi naye aelezwe hivyo mapema, na ofisa utamaduni wa halmashauri apewe muswada na tarehe kwa wakati ili asije akashtukizwa.

Mvulana wa kidato cha nne apewe nafasi ya pili kama ndivyo alama zilivyo, na aambiwe ukweli kwa upole: penye mpangilio mzuri asifiwe, na aonyeshwe ni wapi wahusika wake walianza kuongea kama mabango. Wale 25 waliobaki nao wasirudi mikono mitupu. Kila mmoja apate karatasi yenye sentensi mbili au tatu kuhusu muswada wake mwenyewe, zilizoandikwa na mtu aliyeusoma hadi mwisho. Kazi hiyo inachosha, na najua mna shughuli zenu, lakini mtoto wa darasa la saba aliyeandika mchezo kwa mkono kwenye daftari la hesabu anastahili kujua kwamba kuna mtu aliyecheka mahali alipokusudia achekwe.

Kwa mwakani, watenganisheni wa shule ya msingi na wa sekondari, majina ya watunzi yafunikwe kabla majaji hawajasoma, na wiki chache kabla ya tarehe ya mwisho waalikeni wanafunzi waje siku moja ukumbini mwenu waone mazoezi, kwa kuwa wengi wao wamesoma tamthilia bila kuwahi kuona hata moja ikisimamishwa jukwaani.

Na binti alikuuliza kama ataruhusiwa kuhudhuria mazoezi. Mjibu leo kwamba ndiyo. Siku ya kwanza waigizaji wakae duara na kuusoma mchezo wote kwa sauti, naye akae karibu na mwongozaji akiwa na nakala yake na penseli, asikatizwe na asilazimishwe kusema. Mama yake au mwalimu amsindikize na kumrudisha kabla giza halijaingia. Kwa kuwa yuko kidato cha pili na upimaji wa kitaifa hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka, shikilieni tarehe yenu ya Septemba na msikubali isogezwe hadi Oktoba hata kama mgeni rasmi ataomba.

Mshauri wako